Mita Inayosema Uongo

Chienge imo katika Mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia, kwenye ufuko wa kaskazini-mashariki wa Ziwa Mweru. Msafiri anayefuata ufuko kwenda kusini hufika Nchelenge na Kashikishi. Anayevuka mpaka huingia Pweto, mji wa Kongo ambako maji ya ziwa hutoka kwa Mto Luvua, na ambako Kiswahili ndicho lugha ya soko. Usiku usio na mbalamwezi wavuvi wa chisense, ambao ni dagaa wa ziwa hili, huwasha taa juu ya maji ili kuwavuta samaki wao. Zamani taa hizo zilikuwa karabai. Siku hizi, katika maziwa mengi ya Afrika, taa ndogo za betri zimezifukuza karabai. Betri ile ile ikirudi nchi kavu huwasha taa ya nyumbani na kujaza simu, na betri ya namna hiyo hiyo ya volti 12 ndiyo inayoendesha redio ya mawasiliano katika vituo vingi vya mbali vya polisi na vya jeshi.

Ndiyo maana katika mahali kama hapa mita ya umeme si chombo cha fundi peke yake. Mwenye duka huitaka, mvuvi huitaka, askari wa redio huitaka, na mama anayetaka kununua betri iliyokwisha kutumika huitaka kuliko wote, maana fedha anayotoa ni ya karo au ya unga. Walakini mita nyingi zinazozunguka mikononi mwa watu ni kuukuu, na sehemu inayotangulia kuchakaa mara nyingi ni kile kioo cha tarakimu. Kioo kilichozimika kabisa hakina hatari kubwa, kwa kuwa kila mtu anaona kwamba kimezimika. Hatari imo katika kioo kinachoonyesha nusu.

Yafaa ieleweke jinsi tarakimu hizo zinavyoundwa. Kila moja imejengwa kwa vijiti saba: vitatu vimelala na vinne vimesimama. Tarakimu 8 hutumia vijiti vyote. Kijiti cha katikati kikikosa kuwaka, 8 hugeuka 0. Kijiti cha juu kikikosekana, 7 husomeka 1. Basi betri nzuri iliyojaa, yenye volti 12.8, itaonyesha 12.0, na mwenye mali atadhani imekaribia kwisha. Ataendelea kuijaza hadi maji yake yachemke, au ataiuza kwa bei ya kutupa. Kinyume chake pia hutokea: unyevu ukiunganisha njia mbili zilizo jirani, kijiti kisichotakiwa huwaka, na betri chovu ya volti 12.0 husomeka 12.8. Mvuvi akiiamini huenda akajikuta gizani usiku wa manane katikati ya ziwa.

Hayo ni ya betri. Kwenye umeme wa nyumba mambo ni mazito zaidi. Waya wenye volti 230, tarakimu ya kwanza ikiwa haikuwaka, husomeka 30, na mtu anaweza kuushika kwa mkono akidhani hauna nguvu ya kumdhuru. Kwa sababu hiyo fundi mwenye busara hapimi kitu asichokijua kabla ya kupima kitu anachokijua. Huanza na betri mpya ya tochi ya volti 1.5, kisha hupima kazi yenyewe, kisha huirudia betri ya tochi. Mita nyingi zikiwashwa huonyesha vijiti vyote kwa nukta moja au mbili, na huo ndio wakati wa kutazama kioo kwa makini badala ya kuangalia pembeni. Vilevile alama ya betri ya mita yenyewe isidharauliwe: mita nyingi zenye betri iliyochoka husoma juu kuliko ukweli.

Sasa, kijiti kimepotea. Ni nini kimeharibika? Mara nyingi si kioo. Kioo cha kimiminika, cha namna iliyoenea katika mita za mkononi tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, hakilehemiwi kwenye bao la saketi. Hukalia utepe wa mpira wenye michirizi myeusi na myeupe kama punda milia. Michirizi myeusi hupitisha umeme, myeupe huuzuia, na kila kijiti hupata umeme wake kupitia michirizi michache tu. Vumbi, jasho la vidole, ukungu wa pwani ya ziwa au mita kuangushwa sakafuni hutosha kuukata mguso huo.

Dawa yake ni kazi ya subira. Betri hutolewa kwanza. Kisha mita hufunguliwa kwa bisibisi inayolingana na skrubu, na mpangilio wa kila kitu huchorwa kwenye karatasi kabla ya kuguswa. Ukingo wa kioo, utepe na njia za dhahabu kwenye bao husafishwa kwa kitambaa laini kilicholoweshwa spiriti safi kidogo. Petroli isitumiwe kamwe, wala msasa. Vikikauka, utepe hurudishwa mahali pake bila kushikwa kwa vidole kwenye nyuso zinazogusa, na skrubu hukazwa kidogo kidogo kwa zamu, ili kioo kisilemewe upande mmoja kikapasuka. Vijiti vingi vilivyodhaniwa vimekufa hufufuka kwa njia hii, bila hata senti ya kipuri.

Mita yenye saketi ya ICL7106, ile ya miguu 40, ina njia nzuri ya kupima kioo chake: mguu wa 37 ukiunganishwa na mguu wa kwanza, ambao ndio umeme chanya, vijiti vyote huwaka na kioo huandika -1888. Lakini jambo hili lifanywe kwa kitambo kidogo tu. Kioo hiki kimezoea umeme unaogeuka-geuka. Ukikaa upande mmoja kwa muda mrefu hukiunguza.

Kioo chenyewe kikiwa kimevunjika, habari ni nyingine. Doa jeusi linalotambaa kutoka pembeni kama wino ni kimiminika kilichovuja, nalo halina tiba. Asichanganye mtu doa hilo na weusi unaotokea mita ikiachwa juani ndani ya mtumbwi. Huo mara nyingi huondoka mita ikipoa. Kuna pia vioo vikuukuu vinavyofifia na kutoa harufu ya siki: hapo iliyooza ni karatasi ya plastiki inayochuja mwanga, nayo huweza kubanduliwa na kuwekwa mpya, mradi pembe yake iwe sawa. Ikigeuzwa vibaya, tarakimu zitatokea nyeupe juu ya weusi.

Kioo kilichovuja hubadilishwa kwa kioo cha mita pacha. Kuokota kioo chochote chenye ukubwa ule ule hakufai, kwa maana kila kiwanda hupanga njia zake kivyake. Wala taa nyekundu za tarakimu haziwezi kuwekwa mahali pa kioo cha kimiminika bila kubadili saketi inayoviendesha vijiti.

Mita za mshale zina adabu tofauti. Avomita, iliyoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1923, haina vijiti vya kupotea, lakini kioo chake cha mbele kikivunjika, chembe za chuma huvutwa na sumaku iliyo ndani na kuukwamisha mshale. Tundu lifunikwe siku hiyo hiyo. Kioo kilichokatwa kutoka fremu ya picha hufaa sana. Anayeweka plastiki ajue kwamba ikisuguliwa kwa kitambaa kikavu hupata umeme wa kusimama, nao huuvuta mshale hata pasipo kupima chochote! Kuipangusa kwa maji ya sabuni kidogo na kuiacha ikauke huondoa uchawi huo.

Oskiloskopu ya zamani haifai kufunguliwa nyumbani. Chombo kama Tektronix 465, kilichotolewa mwaka 1972, huchora kwa bomba la kioo lenye ombwe, na umeme wa bomba hilo hupita volti 10,000. Umeme huo huweza kubaki ndani baada ya waya kuchomolewa ukutani, na bomba likivunjwa vipande vyake huruka kama vya guruneti. Kioo kikiwa giza, askari aliye mbali na karakana atazame fyuzi ya nje, kitufe cha mwangaza na kile cha kutafuta mwale. Yaliyobaki ni ya fundi aliyefunzwa. Vyombo vya miaka ya 1980 na 1990 vinavyochora picha kwa mistari kama televisheni huweza kuwekewa kioo bapa cha kisasa. Vile vya mwale mmoja unaotembea haviwezi, na huhitaji bomba kutoka chombo cha aina ile ile.

Kwa hiyo mita mbovu isitupwe. Itolewe betri, kwa sababu betri ikivuja hula njia za shaba, kisha ifungwe katika mfuko mkavu pamoja na karatasi yenye jina la aina yake na ubovu wake. Na ile ambayo bado inatumika huku kijiti kimoja hakiwaki, ibandikwe karatasi mbele, juu ya kioo chenyewe, inayotaja tarakimu ipi si ya kuaminiwa, maana anayeiazima kesho huenda asiambiwe.