Tuzo za besiboli: msome mpiga kura kwanza

Novemba 2025, Aaron Judge wa New York Yankees alitangazwa Mchezaji Bora wa Ligi ya Marekani kwa pointi 355. Cal Raleigh wa Seattle Mariners alibaki na 335. Waandishi 30 walipiga kura. Kumi na saba walimweka Judge wa kwanza, kumi na tatu wakamweka Raleigh, na hakuna hata mmoja aliyempa mtu mwingine mojawapo ya nafasi mbili za juu. Nafasi ya kwanza ina pointi 14, ya pili pointi 9. Piga hesabu: waandishi wawili tu wangeyageuza majina hayo, Judge na Raleigh wangelingana kwa pointi 345.

Kila msimu, tangu mwezi wa nane hivi, wachambuzi wa Marekani huanza kubashiri nani atabeba nini. Wengi wao huzama katika takwimu za wachezaji. Mimi naamini anayetaka kupatia aanze na wanaoshika kalamu.

Ligi Kuu ya besiboli, MLB, imegawanyika pande mbili, Ligi ya Marekani na Ligi ya Taifa, na kila upande hutoa tuzo zake: mchezaji bora, mrushaji bora, chipukizi bora na kocha bora. Ya warushaji inaitwa Cy Young, kwa jina la mrushaji aliyeondoka uwanjani na ushindi 511, na imetolewa tangu 1956. Ya chipukizi ina jina la Jackie Robinson. Wanaopiga kura ni wanachama wa chama cha waandishi wa besiboli, BBWAA, wawili kwa kila timu ya ligi husika.

Jambo moja huwapotosha wabashiri wageni. Ballon d'Or ya soka nayo huamuliwa na waandishi, na huko fainali moja ya Ulaya inaweza kumpandisha mtu au kumzika. Kwenye besiboli kura hukusanywa kabla ya mechi za mtoano za Oktoba kuanza, ingawa matokeo hutangazwa Novemba. Mashujaa wa Oktoba hawahesabiwi. Naona ni utaratibu wa haki, kwa sababu tuzo ni ya miezi sita ya kazi, na timu nyingi haziifikii Oktoba hata zikiwa na mchezaji wa ajabu.

Waandishi hawa ni binadamu, na zamani hilo lilionekana wazi. Mwaka 1947 Ted Williams wa Boston aliongoza ligi yake kwa wastani wa kupiga, kwa mipira iliyovuka uzio na kwa mikimbio aliyoingiza, yote matatu kwa pamoja. Tuzo ikaenda kwa Joe DiMaggio wa Yankees, pointi 202 kwa 201. Williams alikuwa na ugomvi wa muda mrefu na waandishi wa mji wake. Aliyebashiri kwa takwimu mwaka ule alikosea. Aliyewajua waandishi hakushangaa.

Siku hizi wameikubali hesabu mpya. Tazama tuzo ya Cy Young. Mwaka 1990 Bob Welch wa Oakland aliichukua kwa sababu alishinda michezo 27, wakati Roger Clemens, aliyeshinda 21, alikuwa akiruhusu mikimbio michache zaidi kwa mbali. Mwaka 2010 Félix Hernández akapewa akiwa ameshinda 13 na kupoteza 12. Na mwaka 2025 Paul Skenes wa Pittsburgh, ushindi 10 na vipigo 10, alipata kura zote 30 za kwanza katika Ligi ya Taifa. Wastani wake wa mikimbio aliyoruhusu kwa kila awamu tisa ulikuwa 1.97. Timu yake haikumpa mikimbio, na wapiga kura wa leo hawamlipishi mrushaji deni la wenzake.

Kwa kocha bora kanuni ni nyepesi: mtafute aliyeifikisha timu ya bajeti ndogo mahali ambapo hakuna aliyeitarajia. Pat Murphy wa Milwaukee na Stephen Vogt wa Cleveland walishinda 2024, wakarudia 2025. Dave Roberts ana mataji matatu ya dunia na Los Angeles Dodgers, lakini tuzo hii ameipata mara moja tu, mwaka 2016. Kumbashiri Shohei Ohtani nako hakuhitaji ujuzi. Mara zote nne alizokuwa mchezaji bora, kura za kwanza zilikuwa zake zote.

Ndiyo maana Judge na Raleigh walikuwa mtihani halisi. Judge alipiga kwa wastani wa .331, wa juu kuliko wote katika ligi zote mbili, na kuupeleka mpira nje ya uzio mara 53. Raleigh aliupeleka mara 60, mchezaji wa saba tu katika historia kufika hapo, kwa wastani wa .247. Kwa wapiga kura waliolelewa na hesabu mpya, anayefika kwenye vituo mara nyingi zaidi ndiye mkubwa, na kwa kipimo hicho Judge hakuwa na mpinzani. Ubashiri sahihi ulikuwa Judge.

Lakini Raleigh ni mdakaji. Huchuchumaa nyuma ya mpigaji mchezo mzima, hupokea mipira inayokuja kwa zaidi ya kilomita 150 kwa saa, humwongoza mrushaji kila mpira, kisha huchukua gongo akapige na miguu ileile iliyochoka. Kabla yake, mdakaji aliyewahi kupiga mipira mingi zaidi nje ya uzio kwa msimu alikuwa Salvador Perez, mara 48. Raleigh aliipita rekodi hiyo kwa 12, na Seattle ikachukua ubingwa wa kanda yake kwa mara ya kwanza tangu 2001. Hakuna hesabu niliyoiona inayoupima uchovu huo sawasawa. Kura yangu ingekwenda kwake.