Baba wa Punje ya Manjano

Wakulima wengi wa Mpui wameiona ajabu hii: mtu amepanda mahindi meupe matupu, na siku ya kuvuna anamenya hindi akakuta punje za manjano zimetawanyika kati ya nyeupe. Wengine husema ni udongo, wengine husema muuza mbegu amewadanganya. Sivyo. Baba wa punje zile yumo katika shamba la jirani.

Yatupasa kwanza kujua jinsi mmea ulivyojengwa. Mzizi, jani na ua, vyote ni chembe hai ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Ndani ya kila chembe ya muhindi mna nyuzi 20 zichukuazo urithi, yaani kromosomu, nazo ni jozi 10. Mmea ukuapo, chembe hugawanyika kuwa mbili, na kila moja hupata nyuzi zote 20. Lakini wakati wa uzazi nyuzi hugawanywa nusu: vumbi la mbelewele huchukua 10, na yai lililo katika gunzi hubaki na 10. Vikikutana, 20 zatimia tena. Kila unywele wa hindi hupokea vumbi lake. Kwa hiyo punje za hindi moja zaweza kuwa na baba mbalimbali, na upepo wa Ufipa hauombi ruhusa mpakani.

Umanjano una nguvu kuliko weupe, ndiyo sababu huonekana mara moja. Ukizipanda punje hizo katikati ya shamba jeupe, mahindi yake yatakuwa na punje karibu nusu manjano, nusu nyeupe. Rangi twaiona, udhaifu wa bua hupita vivyo hivyo kwa siri. Maharage hayana taabu hiyo sana, maana ua lake hujizalisha lenyewe.

Mimi mwenyewe miaka mingi nilichagua mbegu ghalani kwa kutazama ukubwa wa hindi tu. Kumbe mengi yalikuwa ya miti iliyoota peke yake penye samadi, na samadi hairithiwi! Chagua shambani, kabla ya kuvuna, katikati ya shamba mbali na jirani, miti mizima iliyosimama imara ijapokuwa imesongwa na wenzake. Itwae ipatayo 100. Mbegu ya miti miwili mitatu huzaa ndugu kwa ndugu, na nguvu hupungua.

Mbegu chotara ina habari nyingine. Mwaka 1964 huko Kitale, Kenya, ilitolewa H611, mtoto wa mahindi ya Kitale na ya Ecuador, Amerika ya Kusini. Nguvu ya chotara ni ya uzao wa kwanza. Ukirudia kupanda punje zake, urithi hutengana: huu mrefu, huu mfupi, na mavuno hushuka. Mwenye fedha anunue upya kila mwaka. Asiye nazo, naona heri achague vema mbegu ya kienyeji.

Miti uliyoichagua ifunge kamba mapema, kabla watoto hawajaanza kuchuma mahindi ya kuchoma, kwa kuwa wao huanza na yaliyo bora.