Kosa la Hesabu Lina Sababu Yake

Mtoto akirudi nyumbani na daftari lililojaa mikato ya wino mwekundu, wazazi wengi husema ya kuwa hakusikiliza, au ya kuwa kichwa chake ni kizito. Mara nyingi sivyo. Mtoto huyo alisikiliza sana, akashika kanuni barabara, lakini kanuni yenyewe siyo ile aliyoikusudia mwalimu.

Chukua hesabu ya 52 kutoa 27. Mtoto huandika 35. Kwenye mamoja aliona 2 juu na 7 chini, akatoa 2 katika 7, akapata 5. Kwenye makumi akatoa 2 katika 5, akapata 3. Hakubahatisha. Alipoanza shule alizoea kutoa namba ndogo katika namba kubwa, naye hushika desturi hiyo mpaka leo. Mpe 64 kutoa 38, ataandika 34. Mwaka 1978 wataalamu wawili wa Marekani, John Seely Brown na Richard Burton, walieleza jambo hili kwa urefu: makosa mengi ya watoto katika kutoa hufuata kanuni, hata aijuaye kanuni hiyo aweza kubashiri jibu kabla halijaandikwa.

Kwa hiyo mwalimu akitia alama ya kosa na kuandika 25 pembeni, hajaponya kitu. Afadhali aulize, "Ulifanyaje hapa?" Kisha ampe mtoto sarafu 5 za shilingi 10 na sarafu 2 za shilingi 1, amwambie alipe shilingi 27 kamili. Mtoto ataona mwenyewe ya kuwa zile sarafu 2 ndogo hazitoshi kulipa 7, na hana budi kuvunja kumi moja. Zitasalia 25, wala hapakuwa na haja ya kumgombeza.

Hesabu za sehemu nazo zina kosa lao. Katika nusu kuongeza robo, wako watoto wanaojumlisha namba za juu, na za chini vilevile, wakapata 2/6, yaani theluthi. Mtoto wa mkulima na aulizwe: nusu debe ya mahindi ikiongezwa robo debe, yawezaje kupungua ikawa theluthi? Mnunuzi wa mahindi angeipenda sana hesabu hiyo!

Mwalimu mwenye watoto 60 hawezi kumhoji kila mmoja. Lakini aweza kuandika ubaoni kosa lililoonekana katika madaftari mengi, bila kumtaja mtu, akaliuliza darasa lilitoka wapi. Kutomtaja mtu ni jambo kubwa. Zamani kosa lilifuatwa na kiboko. Adhabu hiyo ilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, lakini aibu ya kuchekwa haikuondoka nayo. Mtoto mwenye hofu hufuta kazi yake na kunakili jibu la jirani, na hapo mwalimu hana tena njia ya kujua alipopotea.

Kweli, yako makosa ya haraka tu. Hayo huja mara moja yakaenda zake, bali kosa lenye kanuni hurudi. Mzazi aweza kulipima jioni mezani. Ampe mtoto 81 kutoa 46, asiseme neno, autazame mkono wake. Akiandika 45, kanuni ya zamani ingali ipo, na zile sarafu zitolewe tena.