Wasini: Samaki Wetu na Majina Yao

Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Hivyo ndivyo walivyonena wahenga, nami yamenithubutukia uzeeni. Nimezaliwa pwani, nimevua, nimesafiri kwa mashua, na mashairi niliyoyatunga juu ya mawimbi hayana idadi. Lakini kumbe bahari nilikuwa naijua uso tu.

Msimu wa kaskazi uliopita, mwana wa ndugu yangu, ambaye kazi yake ni kuwaongoza wageni wazamiaji, alinijia akaniambia: "Ami, watu watoka Ulaya kuja kutazama yaliyo mlangoni petu. Wewe wakaa barazani tu?" Niliona haya, nikafunga safari.

Shimoni iko kiasi cha kilomita 75 kusini ya Mombasa. Ng'ambo ya mlango wa bahari ndipo kilipo kisiwa cha Wasini, masikani ya Wavumba tangu kale. Urefu wake ni kama kilomita 5, wala hakina gari hata moja; mtu hutembea akipishana na mbuzi na kuku. Kusini yake viko visiwa vidogo vya Mpunguti na fungu la Kisite. Pahali hapo palitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1973, na mwaka 1978 pakapangwa upya. Kisite, kilomita za mraba 28, pakawa hapavuliwi kabisa. Mpunguti, kilomita za mraba 11, wavuvi wakaachiwa wavue kwa njia zao za jadi.

Wavuvi hawakuipokea habari hiyo kwa vigelegele, maana walikatazwa maji waliyoyarithi kwa babu zao. Leo wengi wa wana wao hula kwa mashua za kuchukua wageni.

Basi tukaanza kwa masharti. Mtu wa makamo yangu hana budi apimwe na daktari kwanza, moyo, mapafu na masikio. Kisha nikavikwa vazi la mpira lililonibana toka shingoni hata miguuni. Na kwa sitara, msomaji mpenzi, halina kasoro. Mgongoni nikatwikwa mtungi wa hewa. Chombo hiki cha kuvutia pumzi chini ya maji kilibuniwa na Wafaransa wawili, Cousteau na Gagnan, mwaka 1943. Zamani wazamiaji wengi walikuwa na pumzi yao tu, kama wale wa Ghuba waliotafuta lulu kwa jiwe mguuni, kibano puani na kamba mkononi mwa mwenzake aliye chomboni.

"Ami," kijana alinionya, "sharti la kwanza: usibane pumzi." Wazee wetu walibana pumzi kwa kuwa hawakuwa na hewa nyingine. Lakini avutaye hewa ya mtungi katika kina cha mita 10, ambako uzito wa maji na hewa ni mara mbili ya ule wa juu, akipanda huku amebana pumzi, hewa hutanuka ikampasua mapafu. Sharti la pili ni kupanda polepole, ili hewa iliyoingia damuni itoke kwa utaratibu isije ikageuka mapovu mwilini. Wala mtu asipande ndege siku hiyo hiyo.

Tukashuka. Maji yalikuwa mafu, hakuna mkondo wa kutisha. Nikatazama, nikashangaa, na kwa furaha nikamwonyesha kijana dole gumba kwamba mambo ni mazuri. Akanishika mkono akaanza kunipandisha! Kumbe kwa wazamiaji dole gumba maana yake ni "twende juu". Mambo mazuri huonyeshwa kwa kuviringisha kidole kikakutana na gumba. Mshairi nilikuwa nimepoteza ulimi, na hata ishara nilikuwa sizijui.

Tuliporudi chini niliona kitatange amevaa rangi za leso ya arusi, mkundaji akipekua mchanga kwa ndevu zake, na mkunga akichungulia pangoni kama mwenye deni. Nikamwona pono akitafuna mwamba, nami nikasikia meno yake wazi. Hula mimea iliyoota juu ya mawe, na mawe ayamezayo huyatoa yakiwa mchanga. Sehemu ya mchanga mweupe tuukanyagao ni kazi yake. Marijani nayo ni viumbe hai. Maji yakizidi joto huutupa mmea mdogo unaoishi ndani yao na kuwalisha, wakawa weupe kama mifupa. Mwaka 1998 joto namna hiyo liliyaua matumbawe mengi katika bahari yetu, na baadhi ya niliyoyaona yangali magofu.

Tulipokuwa chomboni kijana alinifungulia kitabu cha samaki. Majina yote ni ya kigeni, naye aliyasoma kwa ufasaha. Nikamwonyesha yule mla mawe: "Huyu ni nani?" Akanijibu kwa Kiingereza kwamba ni samaki-kasuku, kwa sababu ya mdomo wake. Nahodha, mzee wa Kivumba, akacheka mkononi ana usukani.

"Mwanangu, huyo ni pono. Hujasikia usingizi wa pono? Usiku hulala ukamshika kwa mkono."

Kijana akastaajabu. Kitabuni, akasema, imeandikwa kwamba baadhi yao wakilala usiku hujifunika kwa utando wautoao mdomoni. Yaani lile ambalo kitabu kimelieleza, msemo wetu ulikuwa ukilijua! Njia nzima nahodha akawa anataja na kijana anaandika pambizoni mwa kitabu: chewa, tasi, changu, kolekole.

Naam, hapo ndipo nilipoona hasara yetu ilipo. Mwamba ukifa, walinzi watauhesabu. Lakini jina likifa na mzee aliyelijua, nani atakayeliopoa? Vijana wetu waongozao wageni wana chuo cha bure kila siku nyuma ya usukani. Na wakeleti hapo, kalamu mkononi, kabla nahodha hajashuka pwani kwa mara ya mwisho.