Una kliniki Dar na maandamano yametangazwa? Panga safari kabla hujafika Mombo

Tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ya kliniki haifuati ratiba ya siasa. Daktari bingwa wa Dar es Salaam huandika siku ya kurudi miezi mitatu au sita kabla, na mgonjwa wa Lukozi, Mlalo au Soni huihifadhi kadi hiyo pamoja na kitambulisho chake. Siku zinakaribia, nauli imeshatafutwa, mara simu zinaanza kuleta ujumbe kwamba tarehe ileile kutakuwa na maandamano jijini.

Nyumbani mabishano yanaanza. Baba anataka safari ifutwe. Mama anasema nafasi hiyo ikipotea, kuipata nyingine ni kazi. Mjomba aliyeko Temeke anapiga simu kusema mtaani kwao kumetulia, waje tu. Mgonjwa mwenyewe anasikiliza, na mara nyingi ndiye wa mwisho kuulizwa.

Mwaka 2025 ulizifundisha familia nyingi kuwa mabishano haya ni ya kweli. Oktoba 29, siku ya Uchaguzi Mkuu, maandamano yalizuka Dar es Salaam na katika miji mingine. Siku hiyohiyo ilitangazwa amri ya kutotoka nje jijini kuanzia saa 12 jioni, na intaneti ikazimwa. Vituo vya mwendokasi na vya mafuta vilichomwa, na amri ile haikuondolewa hadi mwanzoni mwa Novemba. Watu walipoteza maisha, jambo ambalo Rais Samia Suluhu Hassan alilikiri katika hotuba ya kuapishwa kwake Novemba 3.

Desemba 9, Siku ya Uhuru, hali ilikuwa tofauti kwa sababu watu walijua mapema. Sherehe za kitaifa zilikuwa zimefutwa, polisi walitangaza kuwa maandamano yaliyopangwa si halali, na siku moja kabla Waziri Mkuu Mwigulu Nchemba aliwashauri wananchi wasio na dharura wabaki nyumbani. Siku ilipofika, barabara nyingi za Dar es Salaam zilikuwa tupu huku askari wakifanya doria.

Kwa mwenye mgonjwa, tofauti ya siku hizo mbili ni kubwa. Mara ya kwanza aliyekuwa njiani alikutwa njiani. Mara ya pili kila nyumba ilikuwa na siku kadhaa za kuamua. Siku hizo chache, zikitumiwa vizuri, zinaweza kuokoa uhai.

Kwa nini wa milimani ajipange zaidi

Mkazi wa Sinza akiona moshi barabarani anarudi ndani na kusubiri. Wa Lushoto hana nafasi hiyo. Basi lake linateremka zaidi ya kilomita 30 za kona kupitia Soni hadi Mombo, kisha linashika barabara kuu kupitia Korogwe na Segera kuelekea Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 300. Aliyeondoka alfajiri hufika mchana au jioni. Pancha moja au foleni ndefu inatosha kumfikisha giza limeingia, na kama kuna amri ya kutotoka nje, atakuwa amefika saa ambayo haruhusiwi kuwa barabarani.

Hata akifika Kituo cha Mabasi cha Magufuli pale Mbezi Luis, bado hajafika hospitali. Muhimbili iko Upanga, takriban kilomita 20 mbele, na njia ya kawaida ni Barabara ya Morogoro kupitia Kimara, Ubungo na Magomeni. Barabara hiyo ikifungwa, daladala zinatoweka, nauli ya bodaboda inapanda, na mtu aliyetoka kupasuliwa au mwenye kidonda hawezi kutembea umbali huo.

Majirani zetu wa Kenya walilishuhudia hilo Julai 7, 2025, siku ya Saba Saba. Polisi walifunga barabara kuu zinazoingia Nairobi, na abiria wa mabasi ya usiku wakakwama karibu na Kabete, kama kilomita 10 kutoka katikati ya jiji. Walikuwa wamesafiri usiku kucha, na kipande kidogo kilichobaki ndicho kikawashinda.

Tenga miadi katika mafungu matatu

Kabla ya kukata tiketi, familia ikae na kadi mezani ijiulize: miadi hii ni ya aina gani?

Fungu la kwanza ni miadi inayoweza kusubiri. Humu mna kliniki za kawaida za kufuatilia maendeleo, vipimo vya kila mwaka, kupimwa miwani na mazoezi ya viungo. Mgonjwa akiwa na dawa za kutosha na hali yake imetulia, kusogeza mbele kwa wiki moja au mbili kwa kawaida hakuna madhara. Cha muhimu ni kuahirisha kwa kupiga simu, si kwa kutokwenda tu. Piga namba iliyo kwenye kadi, taja jina na namba ya faili, omba tarehe mpya na uiandike. Mgonjwa asiyetoa taarifa ndiye anayejikuta akianza foleni upya.

Fungu la pili ni huduma inayoweza kupatikana karibu. Si kila kinachofanyika Dar es Salaam hufanyika Dar es Salaam pekee. Kupima sukari na shinikizo la damu, kubadilisha bandeji, kutoa nyuzi na baadhi ya vipimo vya damu hupatikana Hospitali ya Wilaya ya Lushoto au Hospitali ya Bumbuli ya KKKT. Kwa makubwa zaidi kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo jijini Tanga, na KCMC iliyoko Moshi. Tangu 2024, madaktari bingwa wa Mama Samia wamekuwa wakizunguka hospitali za halmashauri, hivyo si vibaya kuuliza kambi ijayo ni lini. Na kama rufaa yako ni ya Mloganzila, kumbuka hospitali hiyo iko upande wa Kibaha kabla ya kufika Mbezi. Anayetoka Chalinze hana haja ya kuingia katikati ya jiji.

Fungu la tatu ni matibabu yasiyosubiri. Anayesafishwa damu kwa sababu ya figo huhudhuria kwa kawaida mara tatu kwa wiki. Akikosa, maji na madini ya potasiamu hujikusanya mwilini na moyo unaweza kusimama. Anayepata tiba ya mionzi Ocean Road hupigwa mionzi siku tano za wiki kwa wiki kadhaa, na kukatisha hapa na pale hupunguza nguvu ya tiba. Yumo pia mwenye tarehe ya upasuaji na anayetakiwa kupewa dozi ya dawa za saratani. Mgonjwa wa fungu hili hapaswi kuwa barabarani siku ya maandamano. Aingie jijini siku mbili au tatu kabla na alale karibu na hospitali kadiri uwezo unavyoruhusu, hata kama ndugu wa Mbagala au Chanika atanuna kwamba amekwepwa. Undugu utatengenezwa baadaye. Wahudumu nao waulizwe mapema kama ratiba yake inaweza kusogezwa siku moja mbele au nyuma.

Mgonjwa wa figo aliyekwama apunguze mara moja maji na chumvi, kwa kiasi alichoelekezwa na daktari wake. Aachane pia na ndizi, viazi, parachichi na machungwa. Vyakula hivyo vimejaa Usambara na kwa mtu mwingine ni afya, lakini kwake vinaongeza potasiamu ambayo figo haziwezi kuitoa. Hata hivyo chakula hakichukui nafasi ya mashine. Mguu ukivimba, pumzi ikibana au moyo ukienda mbio bila mpangilio, hiyo ni dharura.

Dawa za wiki mbili za ziada

Kinachowaangusha wengi si vurugu zenyewe bali dawa kuisha. Duka likifungwa siku nne na mgonjwa ana vidonge vya siku mbili, hesabu imeshakataa. Maandamano yakitangazwa, hesabu vidonge siku hiyohiyo na uombe akiba ya angalau wiki mbili.

Wa kwanza kukumbukwa ni mwenye shinikizo la damu, kisukari, kifafa, pumu au selimundu, pamoja na aliyepasuliwa moyo na anayetumia warfarini. Dozi ikikosekana, usimeze mbili kwa pamoja kufidia bila kumuuliza daktari au mfamasia. Anayetumia dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi au za kifua kikuu asafiri na kadi yake, kwa sababu akikwama ndiyo itakayomsaidia kuhudumiwa kwenye kliniki nyingine.

Insulini inahitaji uangalizi wa pekee. Chupa iliyofunguliwa hukaa takriban wiki nne nje ya jokofu mahali pasipo na joto kali. Ubaridi wa Lushoto unaivumilia, lakini joto la Dar es Salaam na buti la basi ni mambo mengine. Ibebe mkononi, ndani ya chombo chenye ubaridi, isigusane na barafu. Mwenye selimundu naye asisafiri bila maji ya kunywa na sweta, kwani kiu na baridi vyote huweza kuamsha maumivu.

Weka kwenye bahasha moja barua ya rufaa, kadi ya bima, kitambulisho, orodha ya dawa na majibu ya vipimo. Uwe na nakala za karatasi, kwa kuwa mfumo wa kuhakiki bima hutegemea mtandao, na picha iliyo kwenye simu haisaidii chaji ikiisha. Beba na fedha taslimu kidogo. Huduma za fedha kwa menyu ya kawaida ya simu hazihitaji intaneti, lakini wakala aliyefunga kibanda hakusaidii.

Ukikutwa tayari uko jijini

Kanuni ya kwanza ni kubaki ulipo kama ulipo ni salama. Mgonjwa aliye wodini au kwenye nyumba ya wageni karibu na hospitali asitoke kwenda kuangalia kinachoendelea. Anayelazimika kutembea aepuke makutano makubwa, vituo vya mafuta na makundi ya watu, ashike barua ya rufaa mahali pa kuitoa haraka, na akisimamishwa aeleze kwa utulivu anakokwenda. Njia ya mkato na bodaboda asiyemfahamu zisiwe chaguo la kwanza. Kukiwa na amri ya kutotoka nje, ndugu ajue mapema namna ya kuomba gari la wagonjwa, na asikurupuke kutoka usiku na gari binafsi.

Mabomu ya machozi huumiza hata asiyeandamana, kwa sababu moshi huingia madirishani. Ondoka upande unakoelekea moshi, usisugue macho, yaoshe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 10 hadi 15. Vua nguo zilizoshika moshi na uoge kwa sabuni. Usipake dawa ya meno wala limau, vinaunguza zaidi. Watoto wachanga, wajawazito, wazee na wenye pumu waondolewe kwanza, na mwenye pumu awe na pampu yake mfukoni, si kwenye begi. Kikohozi au kubanwa pumzi kusikoisha kunahitaji hospitali.

Simu ikikaa kimya

Intaneti ilipozimwa Oktoba 2025, familia nyingi zilizoea kuwasiliana kwa WhatsApp pekee. Mzazi aliye Mtae asiyejua kama mwanawe amefika hospitali hulala macho, na shinikizo la damu la mzazi huyo nalo linapanda.

Dawa yake ni makubaliano kabla ya safari. Chagueni mtu mmoja wa kupokea taarifa nyumbani na mmoja wa kutuma. Tumieni ujumbe mfupi wa kawaida na muda maalumu, mfano saa 1 asubuhi na saa 11 jioni. Andikeni namba kwenye karatasi. Na kubalianeni kwamba kimya cha siku moja si msiba, ili asitokee mtu wa kupanda basi kwenda kumtafuta mwingine katikati ya hatari.

Mjamzito aliyekaribia kujifungua asipange kabisa safari ya Dar es Salaam katika siku za namna hii, isipokuwa daktari amesema hivyo. Dalili za hatari zikijitokeza, yaani kutokwa damu, kichwa kuuma sana, kuona ukungu, degedege, homa au mtoto kuacha kucheza, familia ipige 115. Ni namba ya bure ya m-mama inayoratibu usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Maswali mengine ya afya hupokelewa bure kupitia 199.

Mambo mengine hayana kuahirisha, maandamano yawepo au yasiwepo: maumivu makali ya kifua, upande mmoja wa mwili kupooza, degedege lisilokoma, homa kwa mtoto mwenye selimundu, kushindwa kupumua. Kwa hali hizo usianze kuwaza basi la Dar es Salaam. Nenda hospitali iliyo karibu hapohapo Lushoto au Bumbuli, mgonjwa atulizwe kwanza, na rufaa ikihitajika watapanga wahudumu njia iliyo wazi ni ipi.