Si uchawi, ni meno ya msumeno!

WATU wa Dar wakisikia Sumbawanga, akili zao zinakimbilia kwenye ungo na vigagula. Mwenzenu nilikuwa nawacheka, hadi siku ubao wa mninga ulipopinda mbele yangu. Nilitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango!

Hebu niwape mkasa wenyewe. Baada ya kumaliza fomu foo, kabla kalamu haijaanza kunipa hela ya sabuni, nilijishikiza kwenye karakana moja ya mbao mjini hapa. Dada yangu akapata mchumba. Shemeji akatuletea ubao mnene wa mninga kutoka pande za Mpanda, maana huku juu Ufipa majani na upepo ndiyo vyetu; mninga tunaufuata kwenye mapori ya miombo. Ubao ulikuwa na upana wa inchi 8. Kazi ilikuwa kuupasua unene wake ufunguke kama kitabu, maua yake yaangaliane kwenye kichwa cha kitanda cha maharusi.

Siku hiyo fundi mzee alikuwa msibani. Dada akaniuliza, "Mdogo wangu, utaweza?" Kichwa kikavimba. "Dada, hiyo kazi ya asubuhi tu!"

Kwenye msumeno wa mkanda ulikuwa umefungwa mkanda mwembamba wa robo inchi, meno 14 kwa kila inchi. Nikajisemea, meno mengi si ndiyo ukali mwingi? Nikasukuma. Moshi ukatoka, mashine ikalia, nami nikazidi kusukuma. Kuja kuufungua, ubavu mmoja mnene kama tofali, wa pili mwembamba kama chapati. Kijana mwenzangu akaninong'oneza, "Hapa kuna mkono wa mtu."

Mzee aliporudi wala hakugomba. "Hakuna mchawi hapa mwanangu. Hesabu meno."

Nikahesabu. Inchi 8 mara 14, ni meno 112 ndani ya ubao kwa mpigo! Unga wa mbao hauna pa kutokea, unajaa kati ya meno, mkanda unapata moto na kupotea njia. Kupasua kunataka mkanda mpana, mpana kadiri mashine inavyoweza kuukaza, wenye meno makubwa 3 kwa inchi. Hapo ndani ya ubao kuna meno 24 tu, na kila jino lina nafasi ya kubeba unga wake.

Lakini msikimbilie meno makubwa kila mahali. Kibao cha robo inchi ukikipeleka kwenye meno 3, kitachanika. Mzee ana kanuni: ndani ya mbao yasipungue meno matatu. Kwa hiyo kwa vibao vyembamba, yale yale meno 14 yaliyoniumbua ndiyo yanayofaa.

Kwenye kona, upana ndio unaotawala. Mkanda wa nusu inchi unazunguka duara la nusu kipenyo cha inchi mbili na nusu hivi. Ukitaka nakshi zenye kona kali, hapo ndipo robo inchi inapong'ara. Na mbao za paini zenye utomvu zinapenda meno yaliyoachana, yasije yakaganda.

Jingine: usisukume kwa hasira. Mashine hii ilibuniwa Uingereza mwanzoni mwa karne ya 19, ikasumbua miaka mingi kwa sababu mkanda ulikatikia kwenye kiungo, mpaka Wafaransa walipopata kiungo cha maana katikati ya karne hiyo. Hata leo, ukiulazimisha mkanda, kiungo ni mahali pa kupaangalia kwanza.

Nami ni Mfipa, babu zangu waliyeyusha chuma kwenye matanuru marefu ya udongo, malungu. Halafu mjukuu hajui jino la msumeno!

Mzee aliokoa alichoweza. Kichwa cha kitanda kikatoka kifupi, bila maua ya kuangaliana. Nilifanya kazi miezi miwili bila mshahara kufidia ubao. Dada hakunisema mbele ya watu. Siku ya send-off, nikimpa mkono, alinivuta sikio kidogo: "Ungesema hujui, ningesubiri."

Neno hilo linaniuma kuliko ile miezi miwili. Basi ndugu msomaji, kabla hujawasha mashine, hesabu meno. Na kama hujui, sema. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.