Bunduki ya Biashara ya Kanada: Mtutu Uwe na Urefu Gani?

Anayeagiza leo nakala ya bunduki ya biashara ya Kaskazini-Magharibi, ile gumegume nyepesi ambayo Kampuni ya Hudson's Bay iliwauzia wawindaji wa Kanada kwa ngozi za biva, lazima amwambie fundi anataka mtutu wa urefu gani. Wengi hutaka mrefu kwa kuamini kwamba ndio wenye nguvu. Imani hiyo ina ukweli kidogo sana, na inafaa tuipime polepole, maana urefu wa mtutu ndio unaoamua namna bunduki itakavyobebwa, itakavyoshindiliwa na itakavyolengwa.

Bunduki hii ni jamaa ya magobori yanayojulikana Afrika Mashariki. Hupakiwa kwa mdomoni, mtutu wake ni laini ndani, na hupokea risasi ya duara au marisaa bila kubagua. Tundu lake la kawaida lina kipenyo cha karibu milimita 15. Kikingio cha kifyatulio ni kipana ili mtu aweze kufyatua akiwa amevaa glavu nene za baridi, na upande usio na mtambo kuna bamba la shaba lenye umbo la joka. Katika karne ya 18 Kampuni iliagiza mitutu ya futi 4, futi 3 na nusu, na futi 3, yaani takriban sentimita 122, 107 na 91. Karne iliyofuata ile ya futi 3 ilienea sana, na ya sentimita 76 nayo ikapata wateja.

Sasa tuje kwenye nguvu. Mwaka 1742 Mwingereza Benjamin Robins alichapisha kitabu kilichoeleza kwamba baruti ikiungua hugeuka gesi yenye kani kubwa, na kani hiyo hupungua kadiri gesi inavyopata nafasi ya kutanuka nyuma ya risasi. Maana yake ni kwamba sentimita za kwanza za mtutu hufanya kazi kubwa, na za mwisho huongeza kidogo tu. Chukua kipimo cha gramu 4.5 za baruti, ambacho katika tundu hili hujaza chini ya sentimita 3. Ukikokotoa kwa kanuni yake, kutoka mtutu wa sentimita 91 hadi wa 107 kasi ya risasi huongezeka kwa asilimia 2 hivi. Hata ukiruka kutoka 76 hadi 122, unapata karibu asilimia 7. Na hesabu hiyo ni ya ukarimu, kwa sababu haihesabu msuguano wala joto linalopotelea kwenye chuma. Mnyama aliyepigwa vizuri hatatambua tofauti hiyo.

Wapo pia wanaosema mtutu mrefu huyabana marisaa yasitawanyike. Katika mtutu ulionyooka usiobanwa mdomoni, urefu haufanyi hivyo. Kipimo cha baruti na jinsi kizibo kilivyokaa vina uzito zaidi.

Faida ya kweli ya urefu iko kwenye jicho. Bunduki hizi kwa kawaida zilikuwa na alama moja tu ya kulengea, iliyokaa karibu na mdomo. Huku nyuma, jicho la mpigaji ndilo lililoshika nafasi ya alama ya pili. Shavu likikaa vibaya kwenye tako na jicho likahama milimita 3 tu, mwenye mtutu wa sentimita 76 atakosea karibu sentimita 13 kwa umbali wa mita 50. Mwenye wa 122 atakosea kama sentimita 9 au 10. Tofauti hiyo inatosha kumkosa mnyama mdogo. Isitoshe, uzito wa mbele huutuliza mkono wakati wa kumfuata ndege arukaye, na Wakrii waliowinda mabata bukini kwenye vinamasi vya Ghuba ya Hudson walikuwa na kila sababu ya kuuthamini.

Lakini mwindaji wa nyati kwenye mbuga za magharibi alikuwa na shida nyingine kabisa. Alipakia huku farasi anakimbia: alimimina baruti kwa kukisia, akaitema risasi kutoka kinywani hadi ndani ya mtutu, akagonga tako ili ishuke, kisha akafyatua akiwa ubavuni mwa mnyama. Mdeki haukuguswa. Risasi ikisogea mbele na kuacha pengo juu ya baruti, mtutu huweza kupasuka. Kwa mtu huyo sentimita 40 za ziada zilikuwa mzigo na hatari, na ndiyo maana wengi waliikata mitutu yao. Vipande vilivyobaki vilipondwapondwa ncha vikawa vikwaruzio vya ngozi. Anayewinda kwa mtumbwi yuko karibu na hali hiyo, kwani kushindilia mtutu mrefu ukiwa umeketi ni taabu. Hata ukiwa umesimama, bunduki ya mtutu wa sentimita 122 hufika karibu na uso wa mtu wa kimo cha wastani, na uso haupaswi kuwa juu ya mdomo wa bunduki iliyokwisha tiwa baruti.

Kwa maoni yangu, mtu anayetaka bunduki moja ya kutembea nayo msituni achague sentimita 91. Anayewinda ndege mahali pa wazi, au anayependa kulenga shabaha kwa risasi moja, achukue 107. Ile ya 76 ni ya farasi na mtumbwi. Ya 122 nampa anayeigiza maisha ya mwanzo wa karne ya 18 na aliye tayari kuvumilia urefu wake. Ukisitasita kati ya vipimo viwili, anza na kirefu, kwa sababu fundi anaweza kukipunguza na kuihamisha alama ya kulengea, lakini hawezi kurudisha alichokata. Na kama bunduki uliyonayo ni ya kale ya kweli, usiikate hata kidogo, wala usiipige kabla fundi hajaukagua mtutu wake.